Maswali ya Wasomaji: Spishi Moja Huishia Wapi, Nyingine Huanzia Wapi?

Barua nne zilizotufikia kwa nyakati tofauti zinauliza, kila moja kwa njia yake, spishi ni nini hasa na spishi mpya hutokeaje. Tumeziweka pamoja kwa sababu jibu la moja linategemea jibu la nyingine. Aliyezoea kudhani kwamba ugumu wa kuifasili spishi ni udhaifu wa wanabiolojia ataona, natumaini, kwamba ugumu huo unatokana na viumbe wenyewe na namna wanavyobadilika.

SWALI: Ndugu Mhariri, tumefundishwa darasani kwamba viumbe wa spishi moja ni wale wanaoweza kujamiiana na kupata watoto. Lakini farasi na punda huzaa baghala, na simba na chui milia wakifungiwa pamoja huzaa pia. Bakteria nao hawajamiiani kabisa. Je, fasili hii ni sahihi? (Mwanafunzi wa kidato cha sita)

JIBU: Ndugu mwanafunzi, fasili uliyofundishwa inawatosha wanyama wengi unaowafahamu, ila imefupishwa, na kilichoachwa katika kuifupisha ndicho kinachojibu swali lako. Mwaka 1942 Ernst Mayr, mtaalamu wa ndege aliyezaliwa Ujerumani na kufanya kazi Marekani, aliieleza spishi kuwa ni makundi ya jamii za viumbe ambazo huzaliana, au zinaweza kuzaliana, katika hali ya asili, na ambazo zimetengwa kiuzazi na makundi mengine ya namna hiyo. Anazungumzia jamii nzima, wala si dume fulani na jike fulani, tena anazungumzia hali ya asili, kwa hiyo yanayotokea ndani ya kizimba hayahesabiwi. Simba na chui milia waliishi katika nchi moja, India, kwa karne nyingi, na kila mmoja akabaki na umbo na mwenendo wake. Kwamba binadamu amewafungia pamoja wakazaa hakubadilishi jambo hilo.

Baghala anastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. (Wengi humwita nyumbu, jina ambalo ni la mnyama wa mbugani pia, asiye na udugu wa karibu na farasi, ndiyo maana wanabiolojia hawayategemei majina ya kawaida.) Farasi ana kromosomu (nyuzi ndogo zinazobeba jeni) 64 katika kila seli ya mwili, na punda ana 62. Mtoto wao hupokea 32 kwa mzazi mmoja na 31 kwa mwingine, jumla 63, na kwa shughuli za kila siku za mwili hizo zinamtosha kabisa: hukua, hubeba mizigo mizito na huishi miaka mingi. Shida huanza katika viungo vyake vya uzazi. Ili mbegu au yai litengenezwe, kila kromosomu iliyotoka kwa baba sharti ijipange ubavuni mwa mwenzake iliyotoka kwa mama, zilingane, kisha ziachane, moja iende upande huu na nyingine upande ule. Sasa 63 haigawanyiki kwa mbili, na hata zinazopata wenza hazilingani vizuri, kwa kuwa jeni za farasi na za punda zimepangwa tofauti katika kromosomu zao. Seli nyingi hukwama hapo na kufa. Wamewahi kupatikana baghala majike waliozaa, lakini ni wachache mno kiasi kwamba jeni za punda hazipati mlango wa kuingilia katika jamii ya farasi. Kutengwa kiuzazi ndiko huko: watoto wanaweza kuzaliwa, lakini jeni za upande mmoja hazivuki kwenda kuenea upande wa pili.

Kuhusu bakteria uko sahihi kabisa. Fasili ya Mayr haiwahusu viumbe wasiojamiiana, na haiwezi kutumika kwa visukuku, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha nani alizaa na nani miaka milioni 10 iliyopita. Kwa hiyo wanaochunguza visukuku hutumia maumbo, wanaochunguza bakteria hulinganisha vinasaba, na wengine hutazama ukoo, yaani tawi la viumbe lenye babu mmoja na historia yake yenyewe. Fasili zilizokwisha kupendekezwa ni zaidi ya 20. Mimi sioni sababu ya kuchagua moja na kuzitupa nyingine, maana kila moja inaeleza alama tofauti ya jambo lile lile, nalo ni kwamba matawi mawili yameacha kuwa tawi moja.

Usidhani, hata hivyo, kwamba spishi ni vitu vya kubuniwa na wataalamu. Mayr alipokuwa kijana alikwenda New Guinea kukusanya ndege, akakuta kwamba wenyeji wa milima ile, ambao hawakuwa na vitabu wala makumbusho, waliwatofautisha ndege wao karibu sawasawa na alivyowatofautisha yeye. Mipaka wanayoiona watu wawili wasiojuana haiwezi kuwa ndoto ya mmoja wao.

Macho nayo yana kikomo. Tangu Carl Linnaeus wa Sweden alipotumia mfumo wa majina mawili kwa wanyama wote mwaka 1758, spishi ziliainishwa zaidi kwa sura, na hadi katikati ya karne ya 20 mbu Anopheles gambiae, msambazaji mkubwa wa malaria barani Afrika, alihesabiwa kuwa spishi moja. Waweke mbu wawili wa kundi hilo chini ya hadubini, uwatazame mabawa, miguu na vipapasio, nawe huenda usione tofauti yoyote. Lakini mbu wa sehemu mbalimbali walipozalishwa pamoja maabarani, baadhi ya watoto wao wa kiume walitoka tasa, na hapo ikabainika kwamba chini ya jina moja zilikuwapo spishi kadhaa. Mmoja hufuata binadamu na kupumzika ndani ya nyumba. Anopheles arabiensis hunyonya damu ya ng'ombe pia na mara nyingi hupumzika nje. Anopheles quadriannulatus hupendelea wanyama na hahesabiwi kuwa msambazaji wa malaria. Mwaka 2013 mwingine tena alitengwa na kupewa jina la Anopheles coluzzii. Anayepanga kupulizia dawa kwenye kuta za nyumba anahitaji kujua ni yupi kati ya hao anayemkabili, kwa hiyo kuzitenganisha spishi hizi ni suala la uhai na kifo.

SWALI: Nimekuwa nikieleza kwamba spishi mpya hutokea pale ambapo mto, mlima au bahari inaigawa jamii moja ya viumbe. Je, ni lazima wagawanywe hivyo? Na je, kuna aliyewahi kushuhudia spishi ikizaliwa, au yote ni kukisia kutokana na visukuku? (Mwalimu wa sekondari)

JIBU: Mwalimu, njia unayoieleza ndiyo inayokubalika na wengi kuwa ya kawaida zaidi, angalau kwa wanyama. Mfano wake ulio wazi ni sokwe na bonobo. Mto Kongo unapita kati yao, sokwe ng'ambo ya kaskazini na bonobo ng'ambo ya kusini, na wote wawili hawajui kuogelea. Kila upande ulipata mabadiliko yake ya jeni, mengine yakaenea kwa sababu yalimfaa mwenye nayo, mengine kwa bahati tu, na kwa kuwa hapakuwa na wa kuvuka na kuyachanganya, tofauti zikalundikana kizazi baada ya kizazi.

Jambo ambalo wanafunzi huliona gumu ni kwamba hakuna anayepanga jamii hizo zishindwe kuzaliana. Kushindwa huja kama tokeo la pembeni. Shingo ya nchi ya Panama ilipofungika, miaka ipatayo milioni 3 iliyopita, ilikata bahari vipande viwili, na kamba wadogo wa jenasi (yaani kundi la spishi zenye udugu wa karibu) iitwayo Alpheus, wale wenye gando kubwa linaloalika kwa kishindo, wakabaki wengine upande wa Pasifiki na wengine upande wa Karibi. Leo karibu kila kamba wa upande mmoja ana ndugu yake wa upande wa pili anayefanana naye sana. Watafiti walipoweka dume wa upande huu na jike wa upande ule katika chombo kimoja, mara nyingi walipokeana kwa ukali na kualishiana magando. Maji yaliyowatenga yalikuwa na joto tofauti, chakula tofauti na maadui tofauti, na katika kuzoea hayo, ishara zao za kutambuana ziliachana pia.

Lakini kutenganishwa na ardhi si sharti la lazima, na mfano ninaouthamini kuliko yote unatoka Ziwa Victoria. Wavuvi wana jina moja, furu, kwa samaki wadogo ambao wanabiolojia wanawahesabu kuwa spishi zipatazo 500. Uchunguzi wa tope la chini ya ziwa unaonyesha kwamba lilikauka na kujaa tena miaka ipatayo 15,000 iliyopita, kwa hiyo sehemu kubwa ya spishi hizo ilijitokeza baada ya hapo, muda mfupi ajabu kwa mizani ya biolojia.

Tuwatazame wawili tu kati yao. Wa kwanza ni samaki ambaye jina lake la kisayansi ni Pundamilia pundamilia: dume wake ana rangi ya samawati iliyofifia, na huishi karibu na uso wa maji, kando ya miamba. Pundamilia nyererei, aliyepewa jina kwa heshima ya Julius Nyerere, huishi chini kidogo ya hapo, na dume wake ana mgongo mwekundu. Majike wa pande zote mbili wana rangi hafifu na wanafanana sana. Maji ya ziwa hilo huuzuia mwanga wa samawati haraka, hivyo kadiri samaki anavyoshuka ndivyo mwanga unaobaki unavyozidi kuelekea wekundu. Macho ya samaki wa chini yamejirekebisha kulingana na hali hiyo na huuona wekundu vizuri zaidi, ilhali ya wale wa juu huona vizuri zaidi rangi ya samawati. Jike humchagua dume anayeng'aa machoni mwake. Basi jicho lililofaa kutafutia chakula katika kina fulani likawa pia jicho la kuchagulia mchumba, na jamii mbili zikaachana bila mlima wala mto, kwa mita chache tu za maji.

Watafiti walifanya jaribio jepesi lililonishangaza niliposoma habari zake mara ya kwanza. Waliwaweka samaki hao maabarani chini ya mwanga wa kawaida, na kila jike akamwendea dume wa spishi yake. Walipobadilisha taa, wakaweka mwanga wa rangi ya chungwa ambao chini yake wekundu na samawati havitofautiani, majike wakawapokea madume wa pande zote mbili. Watoto waliozaliwa walikuwa wazima na wenye uwezo wa kuzaa. Katika sehemu za ziwa ambazo maji yake yamechafuka sana, jambo hilo hilo limetokea lenyewe: rangi haionekani, uteuzi umelegea, na spishi mbili zimeyeyuka zikawa jamii moja yenye rangi za kati. Mlango ambao haujafungwa kwa komeo unaweza kufunguka tena, na katika ziwa hili tunaiona milango ya kila namna, iliyo wazi, iliyorudishwa nusu na iliyofungwa kabisa.

Swali lako la pili nalijibu kwa uthabiti: ndiyo, wapo walioshuhudia. Katika kisiwa kidogo cha Daphne Major, kimojawapo cha Visiwa vya Galápagos, wanabiolojia Peter na Rosemary Grant walichunguza chiriku kwa miongo kadhaa, wakimtambua kila ndege kwa pete za mguuni. Mwaka 1981 aliwasili dume mgeni, mkubwa kuliko wenyeji, ambaye vinasaba vyake vilikuja kuonyesha kwamba alitoka kisiwa cha Española, umbali wa zaidi ya kilomita 100. Aliimba wimbo usiofanana na wa wenyeji. Alizaa na jike wa kisiwani, na kwa kuwa chiriku dume hujifunza wimbo kwa baba yake, wanawe wakaurithi wimbo huo wa kigeni pamoja na umbo kubwa la mdomo. Ukame mkali ulipopita mwanzoni mwa karne hii, wakabaki ndugu wawili tu wa ukoo huo, kaka na dada, wakazaliana wenyewe, na tangu hapo wazao wao wameendelea kuoana wao kwa wao bila kuchanganyika na chiriku wengine wa kisiwani. Kama ukoo huo utadumu hakuna wa kusema, ila hatua zake zote zimeandikwa, ndege kwa ndege.

Mimea hufanya haraka zaidi. Ngano ya mkate ina kromosomu 42, na hesabu yake inaeleza historia yake. Ngano ya zamani yenye kromosomu 28 ilikutana mashambani na nyasi ya porini yenye 14. Chotara wao alipokea 14 kutoka upande mmoja na 7 kutoka upande wa pili, jumla 21, na kwa sababu ile ile niliyoieleza kuhusu baghala, angekuwa tasa. Lakini kwa hitilafu ambayo si nadra kwa mimea, kromosomu zake zilijirudufu, zikawa 42, na ghafla kila moja ikapata mwenzake anayelingana nayo kikamilifu. Uzazi ukawezekana, ila si na wazazi wa asili, kwa kuwa hesabu hazilingani tena. Tukio la namna hiyo limefuatiliwa katika karne ya 20 magharibi mwa Marekani, ambako spishi tatu za maua ya jenasi Tragopogon zilizoletwa kutoka Ulaya zilichanganyika na kuzaa spishi mbili mpya, Tragopogon mirus na Tragopogon miscellus, zilizotangazwa mwaka 1950. Kila mzazi alikuwa na kromosomu 12, na kila spishi mpya ina 24. Spishi hizo mbili hazikuwapo popote Ulaya, kwa wazazi wao.

SWALI: Kama spishi mpya hutokana na ya zamani, basi lazima alikuwapo wa kwanza. Huyo wa kwanza alizaa na nani? (Msomaji wa siku nyingi)

JIBU: Ndugu msomaji, ukiacha mimea ya aina ya ngano niliyoitaja, ambako kurudufika kwa kromosomu huleta badiliko la mara moja, hakuwapo wa kwanza. Kila mtoto aliyewahi kuzaliwa alikuwa wa spishi ya wazazi wake. Fikiria lugha: Kiswahili, Kipokomo na lugha za Mijikenda zina mama mmoja, lakini hakuna mzazi aliyewahi kuongea lugha moja na mwanawe akaongea nyingine. Kila kizazi kilielewana na kilichokitangulia, na hata hivyo ndugu hao leo hawaelewani bila kujifunza. Jamii za viumbe hubadilika hivyo hivyo, zikiwa nzima, na hakuna siku unayoweza kuiwekea alama kwenye kalenda.

Ndiyo maana pia hupatikana hali za katikati zinazowagawa wataalamu. Binadamu wa sasa na Neanderthal, binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, walitengana kwa mamia ya maelfu ya miaka, kisha wakakutana, wakazaa. Vinasaba vya Neanderthal vilivyosomwa mwaka 2010 vilionyesha kwamba watu wenye asili ya nje ya Afrika wana sehemu yavyo, takriban asilimia 2. Wapo wanaowaita spishi mbili, wapo wanaowaita moja, na wote wanatumia ushahidi ule ule.

SWALI: Habarini husemwa mara kwa mara kwamba spishi mpya imepatikana, na sasa nasikia hata twiga si spishi moja. Je, hizo ni spishi zilizozaliwa juzi? (Msomaji anayependa wanyama wa porini)

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Neno mpya hapo lina maana ya kuwa mpya kwa sayansi. Kipunji, kima wa misitu ya milima ya kusini mwa Tanzania, alitangazwa kwa jina la kisayansi mwaka 2005, ilhali Wanyakyusa wanaoishi kando ya Mlima Rungwe walikuwa wanamjua na ndio waliompa jina lake. Kilichofanyika mwaka huo ni kuandika maelezo ya mwili wake na kumtofautisha na jamaa zake. Mwanzoni aliwekwa katika jenasi ya Lophocebus kwa sababu ya umbo lake. Baadaye alipatikana mmoja aliyekufa mtegoni, vinasaba vyake vikaonyesha kwamba yuko karibu zaidi na nyani wa kawaida, naye mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus.

Habari ya twiga ni ya namna nyingine. Kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa spishi moja yenye nususpishi 9. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha matawi manne yaliyoachana kwa muda mrefu, na mwaka 2025 Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili, IUCN, uliyakubali kuwa spishi nne: twiga wa kaskazini, twiga wa mabaka ya wavu, twiga wa Kimasai na twiga wa kusini. Katika mabustani ya wanyama wameshazaliana, na wapo wanaodai kwamba hilo linatosha kuwaita wamoja, lakini porini vinasaba vyao vinaonyesha kuchanganyika kwa nadra. Mimi naona uamuzi huo ni sahihi, na una athari ya moja kwa moja. Walipohesabiwa pamoja, wingi wa twiga wa kusini ulificha uchache wa twiga wa kaskazini. Sasa kila spishi inahesabiwa peke yake na kupangiwa ulinzi wake, kama ilivyofanyika mwaka 2021 kwa tembo wa Afrika, ambapo tembo wa msituni na tembo wa savana walitathminiwa kwa mara ya kwanza kuwa spishi mbili, na yule wa msituni akaonekana kuwa katika hatari kubwa zaidi ya kutoweka.